Simu ilivyonifanya niachwe na basi la Dar: kumbe mtandao una mipaka, barabara na vivuko vyake

Msafiri wa Kilambo (mtoa mada):

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kwa amani.

Wiki iliyopita nilikuwa Kilambo kwenye msiba wa mama mdogo. Kwa wasiopajua, ni kule kusini kabisa mwa Mtwara, ukisimama ukingoni mwa Ruvuma unaiona Msumbiji kwa macho yako, na watu wa pande zote mbili wanasalimiana kwa Kimakonde kilekile. Usiku wa kuamkia safari niliweka alamu saa kumi alfajiri, niwahi gari la kwenda mjini, nidake basi la Dar la saa kumi na mbili. Alamu ikalia, nikaoga kwa raha zangu, nikatoka. Nje nakuta watu wanatoka msikitini na gari lilishaondoka zamani. Naangalia simu, saa kumi na dakika ishirini. Namuuliza mwenye nyumba, saa ya ukutani inasema kumi na moja na dakika ishirini.

Kumbe usiku simu ilidaka mnara wa ng'ambo. Wenzetu Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, na mnara huiambia simu ni saa ngapi kwa saa za nchi yake. Simu ikiachwa ijirekebishe yenyewe, inatii. Nililala Tanzania nikaamshwa Msumbiji, na sikuvuka hata mto.

Kazi yangu ni kufunga kamera na ruta hapa mjini, kwa hiyo nilipaswa kujua. Ila kujua kitu na kuachwa na basi kwa ajili yake ni elimu mbili tofauti. Siku ile nilikaa kwenye benchi la stendi mpaka mchana nikiwaza huu usemi wetu kwamba mtandao uko hewani, hauna nchi. Mimi nimeukataa.

Hewani ni kile kipande kifupi kati ya simu yako na mnara. Na chenyewe kina mwisho: kwa simu za 2G mnara kwa kawaida haumhudumii mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 35 hivi, hata kama mawimbi yanamfikia, maana mtambo unapima muda wa mawimbi kwenda na kurudi, na ukipitiliza hapo hesabu zinavurugika. Baada ya mnara safari inaendelea kwenye sahani za mawimbi, mnara kwa mnara, au inashuka ardhini kwenye faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba mwanga. Na faiba hupenda barabara na madaraja kama lori la korosho. Vile vinguzo vifupi vya alama unavyoviona kando ya lami ndiyo mtandao wenyewe, umelala kwenye mtaro, unasubiri greda la mkandarasi asiyeuliza kabla ya kuchimba.

Mnaikumbuka Mei 2024? Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilitua, mvua ikaikata barabara yetu maeneo ya Somanga kule Kilwa, mabasi na malori yakalala njiani. Tarehe 12 mwezi huohuo intaneti ikayumba nchi nzima. Mtaani kwetu watu wakajumlisha: mvua imekata waya. Haikuwa mvua. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kule karibu na Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Na kwa nini kukatika kwa kusini kutuumize hivyo? Kwa sababu kaskazini kulishakuwa na jeraha. Februari ya mwaka uleule kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwamo, na inaaminika ni nanga ya meli ya Rubymar iliyokuwa ikielea bila mtu baada ya kupigwa kombora na Wahouthi. Vita ya Yemen na bahari ya Durban zikaja kukutana kwenye simu ya mama lishe wa Chikongola ambaye picha ya profaili haimfungukii.

Siku hiyo mimi nilituma pesa kwa kubonyeza nyota na ikaenda bila shida, kwa sababu menyu ya nyota haihitaji kutoka nje ya nchi. Aliyekuwa na simu kubwa alikwama, mwenye kitochi akawa mfalme.

Sasa mfano wa nyumbani. Wewe uko Magomeni ya hapa Mtwara, kaka yako yuko Shangani ya hapahapa, mwendo wa bodaboda dakika chache. Unamtumia ujumbe wa WhatsApp: "umeshakula?" Ujumbe ule unatoka Mtwara, unakwenda Dar iliko mitambo mikuu, unatumbukia baharini hadi kwenye mashine za wenye WhatsApp nje ya nchi, kisha unarudi njia yote hiyo hadi Shangani. Huuhisi kwa sababu mwanga ndani ya kioo unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Dar, kilomita 560 hivi kwa barabara, hata sehemu ya mia moja ya sekunde haitimii. Kwa hiyo umbali si ugonjwa wetu. Ugonjwa ni idadi ya njia. Mwenye njia moja akizibiwa amekwisha, awe na kasi ya radi.

Nawauliza wana Kusini: kama mtandao una ramani, sisi tumechorwa wapi?

mtu_chake:

Mtoa mada, kwa kifupi uliachwa na basi.

Msafiri wa Kilambo:

Kwa kifupi ndiyo, mkuu.

Ngalawa Moja:

Haya mambo sisi watu wa Msimbati ni ya kila siku. Ukiingia majini usiku kuelekea mdomo wa Ruvuma simu inatetemeka, ujumbe wa Kireno: Bem-vindo. Bado uko kwenye maji ya kwenu lakini umeshakaribishwa ugeni. Mara ya kwanza vocha yangu ya elfu mbili iliisha kwa kupokea simu ya shemeji aliyeuliza tu kama tumepata changu.

Ila mtandao huohuo tunautumia kama alama. Baba zetu walikuwa wanapanga mnazi na kilima ndio wanajua wako juu ya mwamba upi. Sisi tunaongeza vijiti vya simu. Kuna mwamba mmoja siutaji hapa, ukifika juu yake mnara wa nyumbani unabaki kijiti kimoja na wa ng'ambo unaingia viwili. Hapo shusha nanga.

Msafiri wa Kilambo:

Ngalawa Moja, hii sijawahi kuisikia popote. Inbox basi jina la mwamba.

Ngalawa Moja:

Hapana.

Shimo la Mungu:

Newala hapa. Ninyi wa pwani mnaongelea kebo, sisi tuongee mlima. Anayepajua Shimo la Mungu anajua uwanda wa Makonde unavyokatika ghafla kama meza, chini yake bonde la Ruvuma. Ukisimama pale ukingoni simu inajaa vijiti. Teremka bondeni, hakuna kitu. Si kwamba mnara uko mbali, unauona kabisa ukiinua kichwa! Ila mawimbi yanawapita utosini waliokaa chini ya ukuta wa mlima, kama mtu anayeongea na jirani wa ghorofani akiwa juu ya kichwa chako.

Ajabu yake ni hii. Uwanda wetu siku zote shida yake ni maji, visima havipo, maji yako bondeni. Kwa hiyo juu mtandao upo maji hakuna, chini maji yapo mtandao hakuna. Mke wa binamu yangu anakaa chini. Akitaka kuongea na mwanawe aliyeko Dar anapanda, mimi nikitaka maji nateremsha madumu. Tunapishana njiani.

Korosho Ghafi:

Shimo la Mungu umenichekesha, lakini ndiyo hali halisi. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini Mei 2023 mikataba ya minara 758 nchi nzima kwa ajili ya vijiji ambavyo kampuni haziendi zenyewe kwa sababu hawaoni faida. Kwa hiyo mahali mnara unaposimama panaamuliwa na vitu vitatu: mlima, idadi ya watu na mfuko wa nani unalipa. Fizikia ni moja tu kati ya hivyo.

Mzee wa Simu ya Kukoroga:

Wajukuu zangu, hamjambo. Mimi nilikuwa fundi wa Shirika la Posta na Simu kabla halijagawanywa mwaka 1994, nimezeekea Mikindani, na jicho moja tu ndilo linasoma hizi herufi zenu ndogo. Naomba nafasi.

Enzi zetu simu ilikuwa na mkono wa kukoroga. Unakoroga, opereta anaitika, unamwambia nataka Dar namba fulani, anasema kaa usubiri. Unasubiri asubuhi mpaka adhuhuri. Watu walikuwa wanakuja na chakula chao posta kungoja simu ya Dar! Na opereta alijua siri za mji mzima: nani amefiwa, nani anadaiwa, nani anaoa mke wa pili bila wa kwanza kujua. Laini ikikatika, na masika ilikuwa lazima ikatike, tunafuata nguzo kwa miguu, mmoja na ngazi, mmoja na koleo, mmoja anaangalia simba. Wakati huo daraja la Rufiji halijajengwa, lile la Mkapa limefunguliwa 2003. Mto ukifura, kivuko kimesimama, barua zimesimama, na sisi mafundi tumesimama.

Lakini kilichonifanya niandike ni huyu mtoa mada anayedhani kupitwa kumeanza juzi. Mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kutoka Aden kuja Unguja, kutoka Unguja kwenda Msumbiji, hadi Durban. Tazameni ramani. Unguja iko kaskazini yetu, Msumbiji kusini yetu. Ule waya ulipita mbele ya bahari hii ninayoitazama barazani kwangu, na haukutia mguu. Mikindani wakati huo ni mji wa majahazi, Livingstone alishaanzia safari yake hapa tangu 1866, Boma la Wajerumani litakuja kujengwa 1895. Waya ulipita kama basi la moja kwa moja linavyopita kijijini, konda hata hageuki.

Na kingine. Vita ya kwanza ya Wazungu ilipoanza, tarehe 8 Agosti 1914 meli ya kivita ya Waingereza, Astraea, ilikwenda Dar es Salaam kupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Vita ilikuwa na siku nne tu. Walijua pa kuanzia.

Kangomba Mstaafu:

Shikamoo mzee. Umetufundisha.

Mimi naleta upande mwingine, maana humu naona ni malalamiko matupu. Jina langu linasema, zamani nilikuwa napita vijijini na kipimo changu nanunua korosho kwa bei ya njaa kabla msimu haujafunguliwa. (Nimeacha, polisi msinitafute.) Kangomba iliishi kwa sababu moja: mimi nilijua bei ya mjini na mkulima hakuijua. Simu ilipoingia kijijini ndipo maisha yangu yakaanza kuwa magumu. Unamtajia bei, anakwambia subiri nimpigie mtoto.

Ikaja stakabadhi ghalani msimu wa 2007/08, korosho zinakusanywa kwenye ghala kupitia chama cha msingi, wanunuzi wanaleta zabuni kwa maandishi, sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima, barua zinasomwa moja moja. Mnada ulikuwa mahali. Ukitaka kujua bei unakwenda uwanjani Tandahimba, unasimama juani. Sasa tangu msimu wa 2024/25 mnada unaendeshwa kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi anaweka bei akiwa popote, bei inatokea kwenye skrini. Wakulima bado wanakusanyika kiwanjani, lakini sasa wanakusanyika kutazama kitu kinachotokea mahali pengine.

Kwa hiyo mtoa mada, unauliza tumechorwa wapi. Korosho ya Newala bei yake inazaliwa kwenye mtandao. Tumechorwa katikati.

Shimo la Mungu:

Katikati ya skrini ya nani, ndugu yangu? Mkulima hana kitufe cha kubonyeza pale, anatazama tu. Enzi za sanduku tulikuwa tunaweza hata kuguna yule msomaji akasikia.

Kangomba Mstaafu:

Mguno mnaupiga hata leo, mnakataa bei mnada unarudiwa. Usipotoshe.

mtotowashangani:

Mimi naona tunazunguka. Suluhisho ni moja, kebo ishuke Mtwara. Tuna bandari ya asili, maji ya kina, tumekaa mpakani. SEACOM ilipokuja 2009 ikashuka Dar, EASSy 2010 Dar, ile ya Shelisheli 2012 Dar, 2Africa yenye kilomita 45,000 nayo Dar. Kila kitu Dar! Gesi ya Mnazi Bay imewekewa bomba kwenda Dar, sasa hata kebo zinazokwenda kusini zinapita mbele yetu bila kusimama, kama mzee alivyosema. Na msiniambie mji mdogo hauwezi. EASSy inaanzia Mtunzini, Afrika Kusini. Tafuteni Mtunzini, ni kamji tu ka pwani.

Msafiri wa Kilambo:

mtotowashangani, umeutaja mji niliotaka kuutaja, lakini mimi nausoma kinyume chako.

Mtunzini kebo zimeshuka, tena zaidi ya moja. Je, Mtunzini ndiyo imekuwa kitovu cha intaneti cha Afrika Kusini? Hapana. Kebo inatoka majini, inaingia kwenye jengo lenye uzio, inapanda faiba ya nchi kavu moja kwa moja kwenda Johannesburg na Durban waliko wateja na kumbi za mashine. Watu wa Mtunzini wanaliona jengo. Ni kama sisi na malori ya makaa ya mawe ya kutoka Ruvuma yanayokuja bandarini: yanapita, vumbi tunabaki nalo.

Kushuka kwa kebo na kufaidi kebo ni vitu viwili. Kinachofanya mji uwe mji kwenye ramani hii ni mahali ambapo mitandao inakutana na kupeana mizigo. Kabla ya kituo cha TIX kuanza Dar mwaka 2004, baruapepe kati ya ofisi mbili za mtaa mmoja pale Posta iliweza kupanda setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu, ikashuka Ulaya au Marekani, na kurudi hivyohivyo, kwa sababu watoa huduma wawili wa Dar hawakuwa na pa kukutania. Kebo hata moja ya baharini ilikuwa haijashuka, lakini walipopata pa kukutania barua za ndani zikabaki ndani.

Kwa hiyo nikipewa fedha (sipewi), nisingeanza na kebo ya bahari. Ningehakikisha kwanza kila kampuni inayotuuzia bando Kusini ina njia mbili za kutoka, moja ya pwani kupitia Kilwa na nyingine ya bara kupitia Masasi, Tunduru na Songea. Mkongo wa Taifa ulioanza kujengwa 2009 ulichorwa kwa mizunguko mitatu, kaskazini, kusini na magharibi, na maana ya mzunguko ndiyo hiyo, ukikatwa huku unazungukia kule. Ila mzunguko unamsaidia aliyelipia pande zote mbili. Aliyelipia upande mmoja ana mstari, hata ramani ikimwonesha duara. La pili ni kuweka hapahapa Mtwara mashine za kutunzia nakala za vitu vinavyotazamwa sana. Video moja ya singeli ikitazamwa na watu elfu moja hapa Mtwara, kwa nini isafiri kutoka Dar mara elfu moja?

mtotowashangani:

Hoja nimeielewa, ila bado nataka kebo. Jengo lenye uzio lingeajiri walau mlinzi.

Binti Kilwa:

Nimesoma uzi wote nacheka. Mnalia Dar, Dar. Sisi Kilwa tuwaambie nini?

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Dar es Salaam ilikuwa haipo hata kwa jina, Sultani Majid alikuja kuanza kuijenga miaka ya 1860. Mtandao wa wakati ule ulikuwa kaskazi na kusi. Kaskazi inaleta majahazi na habari za Uarabuni na Bara Hindi, kusi inayarudisha, na dhahabu ya Sofala inapitia kwetu. Habari ilikuwa na msimu kama embe. Mfalme akifa Aden mwezi ambao upepo umegeuka, wewe unaendelea kumwombea afya miezi sita. Na sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia! Zilifikaje huko wataalamu bado wanabishana. Leo mimi niko Masoko, Kisiwani naiona ng'ambo ya maji, na nimepanda juu ya paa la nyumba ili huu ujumbe uondoke.

Kilichotuhamisha ni nini? Mreno alipiga mji 1505, sawa, lakini baadaye mashua ikawa meli ya moshi, meli ya moshi haiulizi upepo, na nyaya na reli zikafuata walikokaa wakubwa. Mahali hapakuhama. Njia ndizo zilihama.

Korosho Ghafi:

Dada umepanda paa kweli?

Binti Kilwa:

La bati. Ni la moto, nafupisha.

Mzee wa Simu ya Kukoroga:

Binti, shuka usianguke. Halafu mtoa mada, hujasema dawa ya ile saa. Keshokutwa nakwenda Kilambo kwenye arobaini na sitaki yanipate.

Msafiri wa Kilambo:

Shikamoo mzee. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya tarehe na saa, uzime kile kinachosema saa ijirekebishe yenyewe. Kisha kwenye mtandao chagua mwenyewe kampuni yako, usiiache simu itafute. Gari la kurudi mjini linatoka kule saa kumi na nusu alfajiri.

Mzee wa Simu ya Kukoroga:

Saa kumi na nusu ya wapi?